Bembelezi na Usingizi wa Mtoto: Somo kwa Walezi na Watoa Huduma wa Masumbwe

Utangulizi

Usiku unapoingia Masumbwe, katika Wilaya ya Mbogwe mkoani Geita, kelele hazilali. Malori yaendayo mpakani Rusumo huendelea kupita katika barabara kuu itokayo Kahama. Makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu hunguruma machimboni. Na katika nyumba za kupanga, ambamo familia nzima hulala chumba kimoja, redio ya jirani husikika kana kwamba imewekwa mchagoni. Katikati ya kelele hizo yupo mama aliyeshinda juani akipanda mpunga au akiponda mawe. Ana mtoto wa miezi minne ambaye hataki kulala. Saa tano usiku, akiwa amechoka hadi mifupani, mama huyo hunyoosha mkono kwenye rafu iliyo na chupa ya dawa ya mafua. Amesikia kwa wenzake kwamba kijiko kimoja humlaza mtoto hadi asubuhi.

Somo hili linahusu kile kinachoweza kufanyika kabla mkono huo haujaifikia chupa. Bembelezi, yaani wimbo laini wa kumwongoa mtoto ili alie kidogo na alale upesi, ni tiba ya kale isiyouzwa dukani. Kibao cha udongo kutoka Babeli ya kale, chenye umri wa karibu miaka 4,000, kina maneno ya kumnyamazisha mtoto anayelia usiku. Hata hivyo, ukale peke yake si hoja ya kitabibu. Somo linaeleza namna usingizi wa mtoto ulivyo, namna sauti ya mlezi inavyofanya kazi mwilini, namna ya kumbembeleza mtoto kwa usalama katika mazingira ya machimbo, na jambo zito kuliko yote: wakati ambapo kimya cha mtoto si usingizi bali ni ugonjwa.

Usingizi wa mtoto ulivyo

Walezi wengi hudhani mtoto anayeamka mara kwa mara ana kasoro. Sivyo. Mtoto mchanga huzaliwa bila kuujua mchana wala usiku. Saa ya ndani ya mwili, inayomfanya mtu mzima asinzie giza linapoingia, huanza kujipanga mtoto anapofikia umri wa miezi miwili hadi mitatu. Tumbo lake ni dogo, na maziwa ya mama humeng'enywa upesi; kuamka ili anyonye ni kinga ya uhai wake. Isitoshe, mzunguko mmoja wa usingizi wa mtoto mchanga huchukua takribani dakika 50 hadi 60, ilhali wa mtu mzima hukaribia dakika 90. Kila mzunguko unapokwisha mtoto hujigeuza, hufumbua macho au hulia kidogo.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa saa za usingizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano, ukihesabu usiku pamoja na usingizi wa mchana:

- kuanzia kuzaliwa hadi miezi 3: saa 14 hadi 17;
- miezi 4 hadi 11: saa 12 hadi 16;
- mwaka 1 hadi 2: saa 11 hadi 14;
- miaka 3 hadi 4: saa 10 hadi 13.

Saa hizi si anasa. Katika usingizi mzito mwili wa mtoto hutoa kwa wingi homoni ya ukuaji, na ubongo hupanga na kuhifadhi yale aliyojifunza mchana. Mtoto asiyelala vya kutosha huwa na hasira, hula vibaya na huchelewa kutulia.

Kilio nacho kina mkondo wake. Kwa watoto wengi wenye afya huongezeka kuanzia wiki ya pili, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Wengi hulia zaidi jioni. Katika jamii zetu kilio hicho huitwa chango, na mtoto hupewa maji ya mizizi au majani. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji chochote isipokuwa maziwa ya mama na dawa aliyoandikiwa na mtaalamu. Kujua kwamba kilio kina mwisho wake ni sehemu ya tiba ya mama.

Sauti ya mlezi mwilini mwa mtoto

Mtoto huanza kusikia angali tumboni. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito husikia mapigo ya moyo wa mama, mkondo wa damu na sauti yake anaposema au kuimba. Mwaka 1980 watafiti DeCasper na Fifer wa Marekani walionyesha kwamba watoto wenye umri wa siku zisizozidi tatu hubadili mwendo wa kunyonya chuchu ya bandia ili waisikie sauti ya mama zao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Mwaka 2009 watafiti wengine walilinganisha vilio vya watoto wachanga 30 wa wazazi wa Kifaransa na 30 wa wazazi wa Kijerumani. Vilio vya kundi la kwanza vilipanda na vya kundi la pili vilishuka, kama ilivyo mikazo ya lugha za mama zao. Mtoto anapozaliwa, basi, tayari ana lugha masikioni.

Bembelezi hutumia njia tatu kwa pamoja. Ya kwanza ni mwendo wa polepole. Moyo wa mtoto mchanga hupiga mara 120 hadi 160 kwa dakika. Wimbo wa kubembeleza kwa kawaida huenda karibu na mapigo ya moyo wa mtu mzima aliyetulia, yaani 60 hadi 80. Mwendo huo humvuta mtoto kutoka msisimko kuelekea utulivu. Ya pili ni kurudiarudia. Ubongo hukaa macho palipo na jambo geni. Wimbo uleule wa kila usiku haumpi jambo la kulinda, naye husinzia. Ya tatu ni mguso na mtikiso: kifua chenye joto, mkono unaopigapiga mgongoni, hatua za taratibu. Viungo vya usawa wa mwili vilivyomo sikioni hupokea mtikiso huo, na neva zinazotuliza moyo huanza kazi.

Katika Chuo Kikuu cha Montréal nchini Kanada, watoto wa miezi 6 hadi 9 waliowekwa wasikilize kuimba walikaa wastani wa dakika tisa kabla ya kuanza kulalamika. Waliosikiliza maneno matupu walikaa takribani dakika nne. Watafiti wa Harvard nao waliwasikilizisha watoto 144 wa Marekani nyimbo za lugha za mbali ambazo hawakuwahi kuzisikia. Nyimbo za kubembeleza ziliteremsha mapigo ya moyo kuliko nyimbo za aina nyingine, ingawa watoto hawakuelewa hata neno moja. Kinachomtuliza mtoto mchanga, kwa hiyo, ni umbo la sauti kwanza. Maneno huja baadaye.

Mama asiye na sauti nzuri asijisute. Hakuna mtoto aliyewahi kumkataa mama yake kwa kukosa pumzi za mwimbaji.

Wimbo upi, kwa lugha ipi

Masumbwe ni mahali pa watu wengi. Wenyeji ni Wasumbwa na Wasukuma. Dhahabu na ardhi vimewaleta Wanyamwezi, Waha, Wahangaza, Wahaya na wengineo. Wasukuma ni watu wa wimbo: hulima kwa wimbo, hushindana ngoma kwa majina ya Bagika na Bagalu, na hata majina ya watoto wao husimulia habari. Kulwa na Doto ni pacha, Shija ndiye awafuataye, Mabula alikuja na mvua. Katika utamaduni wa namna hiyo bembelezi halikufundishwa darasani. Lilirithiwa mgongoni mwa bibi.

Katika makazi ya machimbo mnyororo huo hukatika. Rashi ya dhahabu inapolipuka, familia changa huhama kwa wiki moja, na bibi hubaki kijijini. Mama wa miaka 19 hujikuta katika chumba cha mabati pamoja na mtoto, bila mtu wa kumpokea wala wa kumkumbusha wimbo. Simu ndiyo humpokea mtoto. Shirika la Afya Duniani halishauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja kuangalia skrini kabisa, na kwa wa miaka miwili hadi minne lisizidi saa moja kwa siku. Wimbo uliorekodiwa si sumu ikiwa sauti ni ya chini na kioo kimefunikwa, lakini simu haioni kwamba mtoto ameanza kusinzia ili ipunguze sauti, wala haisikii kwamba pumzi yake imebadilika. Mlezi huyaona yote mawili.

Lugha bora ya kubembeleza ni ile ambayo mlezi anaisema bila kufikiri, iwe Kisukuma, Kisumbwa, Kiha au Kiswahili. Watoa huduma wasiwafanye wazazi waone aibu kuimba kwa lugha zao mbele ya wauguzi. Mtoto anayelelewa kwa lugha mbili hachanganyikiwi. Asiyejua wimbo wowote anaweza kutunga wake kwa kulitaja jina la mtoto, majina ya watu wa nyumbani, na ahadi kwamba kutapambazuka. Au kuguna tu kwa mdomo uliofungwa.

Jambo moja linahitaji tahadhari. Nyimbo nyingi za kale humtishia mtoto kwa fisi au kwa mtu mbaya aliye nje. Kwa mtoto wa miezi mitatu vitisho hivyo ni sauti tu. Mtoto wa miaka miwili, hata hivyo, ameanza kuelewa, na katika eneo ambalo fisi hulia kweli usiku, na ambalo wakubwa wenyewe humhusisha na uchawi, wimbo wa namna hiyo hufukuza usingizi badala ya kuuleta. Kuanzia umri wa mwaka mmoja na nusu, ni heri fisi aondolewe na wimbo ubaki.

Namna ya kumbembeleza mtoto

Hatua zifuatazo zinafaa kwa mtoto mwenye afya aliyeshiba.

1. Mlezi ahakikishe kwanza kwamba mtoto amenyonya, amecheua, ni mkavu, hana joto jingi wala baridi. Wimbo hauchukui nafasi ya maziwa.

2. Saa ya kulala iwe ileile kila siku, na mambo yafuatane kwa mpangilio uleule: kuoga au kupanguswa, kunyonya, kupunguza mwanga, kuimba. Baada ya wiki chache mpangilio wenyewe utamwambia mtoto kwamba siku imekwisha.

3. Mlezi aanze kwa sauti inayokaribiana na kilio cha mtoto, kisha aishushe kidogo kidogo, na mwendo aupunguze kadiri mtoto anavyotulia. Anayeanza kwa kunong'ona wakati mtoto anapiga mayowe hasikiki.

4. Mtoto anayelia sana abebwe huku mlezi akitembea. Watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2022 matokeo yanayoonyesha kwamba kutembea na mtoto kwa dakika 5 bila kusimamasimama humtuliza, na kwamba akishasinzia ni vyema mlezi akae naye dakika 5 hadi 8 zaidi kabla ya kumlaza. Anayelazwa upesi mno huamka mara anapotengana na mwili wa mlezi.

5. Mtoto alazwe chali, na mkono wa mlezi ukae kifuani pake kwa muda huku wimbo ukififia. Kuanzia miezi minne hivi, mara mojamoja alazwe angali anasinzia, hajazama usingizini, ili ajifunze kumalizia safari mwenyewe.

6. Mtoto asitikiswe kamwe kwa nguvu. Kupembeza taratibu ni jambo moja. Kumtikisa kwa hasira ni jingine, maana shingo yake ni dhaifu na mishipa ya damu ya ubongo inaweza kupasuka. Mlezi anayehisi hasira zimempanda amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje kidogo, avute pumzi, amwite jirani. Mtoto anayelia kwa dakika tano akiwa salama hadhuriki.

Kazi hii si ya mama peke yake. Sauti nzito ya baba ikisikika kifuani humlaza mtoto vizuri vilevile, na baba atokaye duarani jioni anaweza kuoga, kubadili nguo na kuchukua zamu ya kwanza ili mama apumzike.

Mahali pa kulala katika ukanda wa machimbo

Wimbo mwema hauwezi kushindana na mahali pabaya. Kuna mambo sita ya kuangalia.

Mlalo. Kumlaza mtoto chali, juu ya godoro gumu kiasi lisilo na mto wala mablanketi mazito, hupunguza vifo vya ghafla vya watoto wachanga. Nchi zilizofanya kampeni ya kuwalaza watoto chali katika miaka ya 1990 ziliona vifo hivyo vikipungua sana. Familia nyingi hulala na mtoto kitanda kimoja. Mlezi aliyekunywa pombe, anayevuta sigara au aliyemeza dawa ya usingizi asilale naye, na watoto wakubwa wasilale ubavuni pake.

Chandarua. Geita na Shinyanga ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na mashimo ya machimbo yaliyojaa maji huongeza mazalia ya mbu. Chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro kabla wimbo haujaanza, si baada ya mtoto kusinzia.

Mkaa. Jiko la mkaa lisiachwe likiwaka chumbani ili kuleta joto. Hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke.

Zebaki. Mchanganyiko wa dhahabu na zebaki ukichomwa hutoa mvuke unaodhuru ubongo unaokua, wa mtoto mchanga na wa aliye tumboni pia. Uchomaji usifanyike nyumbani, na sufuria iliyotumika isirudi jikoni. Aliyechenjua dhahabu anawe na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto.

Kelele. Sauti inayozidi desibeli 85 kwa saa nane hudhuru masikio ya mtu mzima. Mtoto aliyefungwa mbeleko mgongoni mwa mama aliye kando ya karasha huipata kelele hiyo yote, pamoja na vumbi la mawe linaloharibu mapafu. Asinziaye hapo mara nyingi amechoka, hajatulia. Wanawake wanaofanya kazi pamoja wanaweza kupanga zamu ya kulea watoto mbali na mashine.

Mwanga. Taa ya usiku iwe hafifu. Kumnyonyesha mtoto saa nane usiku chini ya mwanga mkali ni kumwambia kwamba kumekucha.

Chupa isiyopaswa kuguswa

Dawa za mzio na mafua, kama vile klorofeniramini ambayo wengi huiita piritoni, pamoja na promethazini, husababisha usingizi kama athari ya pembeni. Hapo ndipo mkono wa mama aliyechoka unapoelekea. Inafaa ieleweke wazi kwamba usingizi huo si usingizi wa kawaida. Ubongo umezimwa kwa kemikali, na pamoja nao huzimwa kwa kiasi kituo kinachoamuru mtoto apumue. Promethazini haipaswi kabisa kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa imewahi kusababisha vifo kwa kuzuia kupumua. Dawa za kikohozi zenye kodeini ni hatari kwa watoto kwa sababu hiyohiyo. Pombe, hata kijiko kimoja, huweza kushusha sukari ya damu ya mtoto hadi apate degedege.

Hatari ya pili ni ya kimyakimya. Mtoto anayelia usiku huenda ana malaria, uambukizo wa sikio, homa ya mapafu au homa ya uti wa mgongo. Kilio ndicho ulimi wake pekee. Dawa inayomnyamazisha huukata ulimi huo, na malaria kali huweza kuua ndani ya saa 24.

Mtoto aliyekwisha kupewa dawa ya namna hiyo na akawa haamki vizuri, analegea, au anapumua kwa shida, alazwe ubavu na apelekwe kituoni mara moja. Asitapishwe, asilishwe maziwa wala maji, na chupa ya dawa ichukuliwe ili mganga aione. Mtoa huduma anayempokea mama huyo asianze kwa kumkaripia. Mama aliyekaripiwa leo atasema uongo kesho, na uongo huo ndio utakaomchelewesha daktari. Swali lifaalo ni hili: «Mama, usiku ulikuwaje?»

Mtoto njiti

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 huihitaji sauti ya mama kama wengine, ila masikio na ubongo wake huchoka upesi. Mahali pake pa kwanza ni kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto 3,211 wenye uzito mdogo sana, ulionyesha kwamba kuianza njia hiyo mara baada ya kuzaliwa hupunguza vifo vya siku 28 za kwanza kutoka asilimia 15.7 hadi 12.0.

Mama aliye katika kangaruu anaweza kuguna au kuimba kwa sauti ya chini sana kwa dakika chache. Utafiti wa mwaka 2013 katika hospitali 11 za Marekani, uliohusisha watoto njiti 272, uliona kwamba wimbo aliouchagua mzazi mwenyewe, ukiimbwa papo hapo, ulituliza mapigo ya moyo ya mtoto na kupunguza wasiwasi wa wazazi. Mtoto akigeuza uso, akitanua vidole, akipata kwikwi au akibadilika rangi, mama anyamaze na amshikilie tu. Rangi isiporudi mara moja, amwite muuguzi. Wauguzi nao wakumbuke kwamba wodi ya watoto wachanga inapaswa kuwa chini ya desibeli 45. Vifuniko vya ndoo vinavyoangushwa na maongezi ya zamu hufuta kazi yote ya wimbo.

Wimbo unapokuwa kilio cha mama

Atakayesikiliza kwa makini atagundua kwamba bembelezi nyingi hazisemi na mtoto. Mama humweleza mtoto asiyeelewa yale asiyeweza kumweleza mtu mzima: mume aliyefuata dhahabu na hajarudi, njaa, maneno ya wakwe. Kwa mtoa huduma huo ni mlango. Sonona baada ya kujifungua humpata takribani mama mmoja kati ya watano katika nchi zenye kipato kidogo, na mara nyingi huitwa uvivu au kurogwa. Mama mwenye sonona huacha kuimba, huacha kumtazama mtoto usoni, naye mtoto hulia zaidi na kulala kidogo.

Maswali mawili hutosha kuanzia. Katika wiki mbili zilizopita, je, mama amekuwa na huzuni au kukata tamaa karibu kila siku? Je, amepoteza hamu ya mambo aliyokuwa akiyafurahia? Anayejibu ndiyo kwa moja kati ya hayo aketi na mtaalamu, na aulizwe bila kuzungukazunguka kama amewahi kufikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake. Apewe rufaa siku hiyohiyo.

Wimbo una nafasi hapa pia. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kwa akina mama 134 wenye dalili za sonona ulionyesha kwamba waliokutana kila wiki kuimba pamoja na watoto wao kwa wiki 10, na ambao dalili zao zilikuwa za kati au kali, walipata nafuu mapema kuliko wenzao. Masumbwe haina haja ya kumwalika mwalimu wa muziki. Benchi la kliniki, ambapo akina mama husubiri kwa saa nzima mtoto apimwe uzito, linatosha: kila siku mama mmoja awafundishe wenzake wimbo wa kwao.

Kimya cha hatari

Sura hii ingefaa kubandikwa ukutani. Mtoto hapaswi kubembelezwa bali kupelekwa kituoni mara moja anapoonyesha mojawapo ya haya:

- hawezi kunyonya au kunywa, au anatapika kila kitu;
- amepata degedege;
- amelegea, haamki kwa urahisi, au analala kupita kawaida yake;
- ana homa, au mwili wa mtoto mchanga ni wa baridi;
- anapumua haraka: mara 60 au zaidi kwa dakika chini ya miezi 2, mara 50 au zaidi kuanzia miezi 2 hadi 12, mara 40 au zaidi kuanzia mwaka 1 hadi 5; au kifua kinabonyea kwa ndani anapovuta pumzi;
- utosi umevimba, au kilio kimebadilika na kuwa chembamba na kikali;
- macho au nyayo za mtoto mchanga zimekuwa za manjano.

Wimbo pia ni kipimo cha kusikia. Mtoto mwenye miezi mitatu ambaye hashtuki kwa kishindo, wala hatulii mama anapoimba bila kumgusa na bila kuonekana, achunguzwe masikio, hasa ikiwa alizaliwa njiti, alipata manjano kali au aliugua homa ya uti wa mgongo. Uziwi unaogunduliwa mapema huacha nafasi ya mtoto kupata lugha, iwe ya sauti au ya alama.

Kwa mtoa huduma

Tangu Desemba 2021 Tanzania ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohesabu malezi yenye mwitikio kuwa sehemu ya afya kama ilivyo chanjo na lishe. Kuongeza bembelezi katika mahudhurio ya kliniki hakuhitaji bajeti. Maswali manne yanatosha: Mtoto hulala wapi na na nani? Hulazwa namna gani? Asipolala, hupewa nini? Nani mwingine nyumbani humbembeleza? Swali la tatu ndilo litakalofichua chupa. La nne litafichua upweke wa mama.

Arejewe sasa yule mama wa saa tano usiku. Akiwa amefundishwa, atampapasa mtoto kwanza: hana homa, amenyonya, anapumua vizuri. Atamfunga kifuani kwa kanga, atatembea katika nafasi ile ndogo iliyopo kati ya kitanda na mlango kwa dakika tano huku akiimba kile alichoimbiwa yeye, ataketi kitandani dakika nane, kisha atamlaza chali chini ya chandarua. Pengine mtoto ataamka tena saa nane, maana ndivyo watoto walivyo. Lakini ataamka mwenyewe, atalia kwa sauti yake mwenyewe, na mama ataisikia.